Mume ana karatasi ya "hana maambukizi ya VVU", nami nanyonyesha: niamini lini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 28, naishi Muheza. Mdogo wangu ana miezi saba na bado ananyonya. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara, kazi yake iko upande wa Songea, na huja nyumbani kila baada ya wiki kadhaa.

Tarehe 21 Juni, siku moja kabla hajarudi kazini, niliona ujumbe kwenye simu yake. Sikuwa nachunguza. Mtoto alikuwa anaichezea, nikamnyang'anya, nikakuta maneno ambayo mwanamume haandikiwi na mtu baki. Alikana mpaka usiku, mwisho akakubali. Akasema alianza na dada mmoja anayepika chakula pale kambini, mwezi wa nne. Mwanzoni walitumia kondomu, baadaye wakaacha. Anaapa kuwa mara ya mwisho ilikuwa tarehe 28 Mei, kwa sababu kesho yake yule dada alisafiri kwao na hajarudi tena.

Nilipoanza kulia akafungua pochi akatoa karatasi. Wahudumu wa afya walikwenda kupima watu kambini tarehe 12 Juni, naye akapimwa kwa kutobolewa kidole, karatasi imeandikwa hana maambukizi. Akaniambia, "Mama Zai, unaona? Mimi mzima. Yameisha." Shangazi, tulikuwa tumelala pamoja bila kinga mara kadhaa tangu alipofika, ya mwisho ni usiku wa tarehe 20. Na mwezi wa tano mwanzoni alipokuja ilikuwa hivyo hivyo.

Alipoondoka nilibaki na mawazo. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu alinipa kile kitendanishi cha kujipima kwa majimaji ya kinywa. Nikajipima usiku, dakika ishirini zilipotimia nikaona mstari mmoja, nikakitupa kwenye ndoo. Asubuhi nikienda kuchoma taka nikakiona tena, na safari hii kulikuwa na mstari wa pili, hafifu sana, kama kivuli. Miguu iliisha nguvu. Tarehe 10 Julai nikaenda kituo cha afya, wakanitoboa kidole, wakasema sina maambukizi, nirudi baada ya miezi mitatu. Nilipomuuliza miezi mitatu kuanzia lini, kulikuwa na foleni nyuma yangu, akaniambia kuanzia leo.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani yangu, mama mtu mzima, anasema bila miezi sita hujui kitu. Muuza duka la dawa anasema wiki sita zinatosha. Kwenye simu nimesoma siku kumi na nane. Mume anapiga simu kila siku ananiambia nimsamehe na kwamba karatasi yake ni ushahidi, na mwisho wa mwezi huu anakuja na hataki kusikia habari ya kondomu ndani ya nyumba yake.

Kinachonikosesha usingizi ni huyu mtoto. Kila nikimpa ziwa najiuliza ninampa nini. Nimefikiria kumwachisha, lakini mama mkwe yuko hapa nyumbani, ataniuliza sababu, nami sitaki ajue. Koo linaniwasha tangu wiki iliyopita na nimepungua mwili. Niambie ukweli, Shangazi, kipimo changu kina maana au hakina? Ninahesabu kuanzia wapi?

Mama Zai, Muheza

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Naanza na mtoto, maana najua hutasoma mengine kwa utulivu kabla ya hilo. Usimwachishe ziwa kwa uamuzi wa peke yako usiku. Endelea kumnyonyesha, lakini wiki hii, usingoje mwezi ujao, nenda kliniki ya mama na mtoto anakopimwa uzito, umwombe muuguzi faragha, umwambie kwa maneno haya: "Ninanyonyesha, na mume wangu amekuwa na mwanamke mwingine bila kinga. Nilipimwa tarehe 10 Julai nikaonekana sina maambukizi. Nataka kupimwa tena na kupangiwa tarehe." Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Nasema uharakishe kwa sababu moja. Mama anayepata VVU akiwa ananyonyesha huwa na virusi vingi mno kwenye damu katika wiki za mwanzo, kabla mwili haujajipanga kupambana navyo, na maziwa hufuata damu. Ndiyo maana maambukizi mapya wakati wa kunyonyesha ni ya hatari zaidi kwa mtoto kuliko ya mama aliyejijua zamani na anakunywa dawa zake. Huyo wa dawa ananyonyesha vizuri tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama mwenye VVU anayetumia ARV anyonyeshe maziwa yake matupu miezi sita ya kwanza, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi mwaka na kupita hapo. Kwa hiyo hata kama jibu lako lingekuwa lile unaloliogopa, ziwa lisingekuwa lazima liishe. Wewe ungeanza dawa siku hiyohiyo, mtoto angepewa dawa ya kumkinga na kuchukuliwa tone la damu kisiginoni au kidoleni, likakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Wahudumu wanakiita kipimo cha DBS. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kile cha mistari hakitoshi kuthibitisha, kwa kuwa anaweza kuwa amebeba kingamwili za mama yake, wale askari wa mwili wa kupambana na virusi, bila yeye kuwa na virusi. Chuchu zikipasuka au titi likivimba na kuuma, kutibiwe haraka, hapo ndipo njia ya virusi hupanuka.

Hayo ni ya tahadhari. Sijasema unayo, na nikitazama tarehe zako naona nafasi kubwa kuwa huna. Sasa tuzihesabu.

Kipimo ulichofanyiwa hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako unawatengeneza baada ya kuona kirusi kimeingia. Mwili huchukua muda kuwatengeneza. Ukipanda mahindi leo na kesho ukaenda shambani, utaona udongo mtupu, lakini huwezi kusema mbegu haipo. Huo muda kati ya virusi kuingia na kipimo kuweza kuona ndio kipindi cha dirisha. Ndani yake mtu anaweza kuwa na maambukizi, kipimo kikasema hana, na akamwambukiza mwenzake, tena kwa urahisi kuliko baadaye.

Kwa hiyo jibu la "hana maambukizi" la kutoboa kidole halizungumzii siku uliyopimwa. Linazungumza kwa uhakika habari za miezi mitatu nyuma. Hili ndilo nataka ulishike kuliko yote, kwa sababu wengi wanaotoka kituoni na karatasi mkononi wanalikosa, na mumeo ni mmoja wao.

Chukua karatasi yake. Ni ya tarehe 12 Juni. Rudi nyuma siku 90, unafika katikati ya Machi. Kwa mambo yote aliyoyafanya kabla ya hapo, karatasi hiyo ni jibu kamili, na ni jambo la kushukuru. Lakini uhusiano wenyewe ulianza Aprili na mara ya mwisho ni tarehe 28 Mei, wiki mbili tu kabla ya kupimwa. Kama angeambukizwa siku ile ya mwisho, karibu hakuna kipimo cha kidole ambacho kingeona tarehe 12. Sisemi kwamba mumeo anakudanganya kuhusu karatasi. Inawezekana anaiamini kwa moyo wote. Ila karatasi hiyo ilipimwa mapema mno kujibu swali unalomuuliza.

Na karatasi yako? Ni ya siku 20 tangu mara ya mwisho mlipolala pamoja. Ina maana, usiitupe. Watu wengi wanaoambukizwa huanza kuonekana kwenye vipimo kati ya wiki ya tatu na ya sita, kwa hiyo kuonekana huna tarehe 10 Julai kunapunguza wasiwasi, hasa kuhusu zile siku za mwanzoni mwa Mei ambazo sasa zimepita miezi miwili. Lakini haijafika mwisho. Aliyekuambia urudi baada ya miezi mitatu "kuanzia leo" alichoka na foleni, si mtu mbaya, ila amekuongezea karibu wiki tatu ambazo hudaiwi. Hesabu haianzi siku ya kupimwa. Inaanza siku ya mara ya mwisho uliyojiweka hatarini. Kwako ni tarehe 20 Juni, kwa hiyo siku 90 zinatimia tarehe 18 Septemba. Kwa mumeo ni tarehe 28 Mei, zinatimia tarehe 26 Agosti. Ziandike mahali.

Halafu kuna wale wengine watatu, pamoja na simu yako, waliokupa majibu matatu tofauti. Ukiwasikiliza vizuri utaona kila mmoja ana kipande cha ukweli.

Jirani yako wa miezi sita hakujitungia. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwetu Tanzania mwaka 1983, kule Kagera, na vipimo vya kwanza vya damu duniani vilianza kutumika mwaka 1985. Vilikuwa vizito kuona, vilihitaji kingamwili nyingi, na washauri wa wakati ule walimwambia mtu angoje nusu mwaka ili kuwa na hakika. Kizazi cha mama huyo kilizika watu wengi, na neno hilo likabaki vichwani. Vipimo vimebadilika tangu wakati huo. Leo kumwambia mama anayenyonyesha asubiri miezi sita ni kumtesa bure.

Muuza dawa wa wiki sita anazungumzia kipimo kingine. Kipo cha maabara kinachotumia damu ya mshipa, ile inayovutwa kwa bomba la sindano mkononi, na hutafuta vitu viwili kwa pamoja: kingamwili, na kipande cha kirusi chenyewe kinachoitwa antijeni ya p24, ambacho hujitokeza kwenye damu mapema kuliko kingamwili. Hicho, kikisema huna baada ya siku 45, wataalamu wengi duniani hukihesabu kuwa jibu la mwisho. Lakini muuza dawa hakukuuliza umepimwa kwa nini. Ulichopimwa wewe ni tone la kidole, na kile cha nyumbani ni majimaji ya fizi, ambayo yana kingamwili chache kuliko damu. Hivyo viwili vinasubiri siku 90. Hata vipimo vya haraka vya kidole vinavyoweza kutafuta antijeni bado huhesabiwa siku 90.

Na zile siku 18 za kwenye simu ni za mwanzo wa safari. Maana yake ni kwamba kuna watu ambao kipimo cha maabara cha damu ya mshipa huanza kuwaona siku ya 18. Wengine hawaonekani mpaka ya 45. Mtu akisoma namba ya kwanza akaifanya ya mwisho, anajidanganya. Kipo pia kipimo cha vinasaba vya kirusi, ambacho huweza kuona kati ya siku ya 10 na ya 33, lakini ni cha ghali, hakitolewi ovyo, na wewe hukihitaji isipokuwa daktari akione kuna sababu.

Sasa angalia kitu ambacho huenda hujakiona. Siku 45 za mumeo zimeshapita, tangu tarehe 12 Julai. Yeye ndiye mwenye jibu lililokaribia kuiva, si wewe. Akija mwisho wa mwezi, kabla ya kubishana juu ya kondomu, mwende pamoja kwenye hospitali kubwa au maabara inayoaminika, mumuulize mtaalamu wa maabara swali moja: "Mnacho kipimo cha damu ya mshipa kinachotafuta antijeni ya p24 pamoja na kingamwili?" Wakiwa nacho, mumeo atapata jibu la uzito mkubwa siku hiyo. Wasipokuwa nacho, apimwe cha kidole hivyohivyo, maana miezi miwili kamili si wiki mbili, kisha arudie tarehe 26 Agosti au baada yake kufunga hesabu.

Na kama amesema kweli kuhusu tarehe 28 Mei, na hakuwa na mwingine baada ya hapo, jibu lake la mwisho likiwa hana, basi wewe hukuwa na mahali pa kupata virusi kutoka kwake. Unaweza kupumua mwishoni mwa Agosti badala ya Septemba. Hilo lote limeegemea ukweli wa tarehe moja iliyotoka mdomoni mwa mtu aliyekana mpaka usiku. Ndiyo maana, hata yeye akiwa mzima, mimi bado nakutaka upimwe mwenyewe tarehe 18 Septemba. Kwa upande mwingine, akikutwa nayo, usidhani nawe unayo kwa sababu tu mnalala kitanda kimoja. Kwa tendo moja la kawaida bila kinga, na mwenye virusi hatumii dawa, makadirio yanayotumiwa na wataalamu kwa mwanamke ni kama mara 8 katika 10,000. Hatari hupanda sana kama huyo mwenzake ameambukizwa juzijuzi au kuna vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo usiifanye namba hiyo leseni. Lakini wako wanandoa wengi ambao mmoja anayo na mwingine hana, na kila mmoja hupimwa kwa damu yake.

Kuhusu huyo dada wa kambini, humjui hali yake, na mumeo naye hajui. Huenda hana kabisa. Huenda anayo na anameza ARV zake vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hasira yako ni halali, mwanangu, lakini aliyekula kiapo kwako ni mumeo.

Nije kwenye ule mstari wa asubuhi, maana najua ndio uliokuvunja miguu. Kitendanishi cha mdomoni kinasomwa baada ya dakika 20, na kisipite dakika 40. Baada ya hapo kimekwisha kazi. Kikikaa usiku kucha majimaji hukauka, rangi huhama, na vivuli hutokea ambavyo havina maana yoyote. Ulikisoma kwa wakati ukaona mstari mmoja kwenye herufi C, basi hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Safari nyingine ukimaliza kusoma, kifunge kwenye mfuko na ukitupe usikiangalie tena. Ingekuwa mstari wa pili umeonekana ndani ya muda, hata kama ni hafifu namna gani, hapo ungepaswa kwenda kituoni upimwe upya kwa damu, kwa sababu hakuna anayeambiwa anaishi na VVU kwa kipimo kimoja. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane, kimoja baada ya kingine.

Koo kuwasha na kupungua mwili si kipimo. Hulali, huli vizuri, mtoto ananyonya usiku kucha, na mwezi wa Julai mafua yako kila nyumba. Ni kweli kuwa baadhi ya wanaoambukizwa hupata homa, koo kuuma, vipele na mitoki wiki mbili hadi nne baadaye, na wengine hawapati kitu kabisa. Dalili hizo zinafanana na malaria, na mafua, na uchovu. Huwezi kujipima kwa koo. Lakini ukipata homa kali yenye vipele au mitoki shingoni ndani ya wiki hizi, usiishie kunywa dawa ya malaria, nenda umwambie daktari pia kuhusu tarehe 20 Juni, ili ajue cha kutafuta.

Sasa mumeo anakuja. Hapa nitasema bila kuzunguka: mpaka yeye apate jibu la mwisho, ni kondomu au mlale mbali mbali. Mkilala bila kinga mara moja tu kabla ya hapo, tarehe yako ya 18 Septemba inafutika na unaanza kuhesabu upya kutoka usiku huo, huku mtoto yuko kifuani. Mwambie hivyo. Nimekaa chumba cha ushauri nasaha na wanaume wengi, na niligundua kwamba ukimshika kwa hoja ya usaliti atajitetea mpaka kuche, lakini ukimwekea kalenda mezani hujibu tofauti. Sema: "Baba Zai, karatasi yako naiamini. Inasema ulikuwa mzima mwezi wa tatu. Nataka na ya mwezi wa nane. Tunapima wote wawili, pamoja, kwa ajili ya mtoto." Vituo vyetu vinapokea wenza kupimwa na kupewa majibu kwa pamoja, na hiyo hupunguza haya maneno ya nani kaficha nini.

Akikataa, huwezi kumlazimisha, na hata wewe hakuna anayeweza kukulazimisha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda hiari ya mtu kupima na usiri wa majibu yake. Unachoweza kulazimisha ni mwili wako. Ikiwa hata kondomu hakubali, mwambie muuguzi wa kliniki ukweli huo, aangalie kama unaweza kupewa PrEP, dawa za kumeza kila siku zinazomkinga asiye na maambukizi. Mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia. Na ikitokea tena mkalala bila kinga kabla ya majibu, au akakulazimisha, kimbia kituoni ndani ya saa 72, tena saa za mwanzo ndizo bora, uulizie PEP, ambazo ni dawa za siku 28 za kuzuia virusi visishike baada ya kujiweka hatarini. Kwa tarehe 20 Juni muda huo umepita, ndiyo maana sikuanza nazo. Ukija kutumia hizo dawa, waambie wakupangie upya tarehe za kupima, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha kingamwili kuonekana. Na akiinua mkono, dawati la jinsia na watoto liko kwenye vituo vya polisi, nawe usisubiri upigwe mara ya pili.

Mama mkwe si lazima ajue lolote. Siku ya kliniki ya mtoto ni siku ya kliniki ya mtoto, hakuna anayekuuliza umechelewa wapi. Nakushauri upimwe wiki hii, upimwe tena baada ya tarehe 4 Agosti unapotimiza siku 45, na ufunge tarehe 18 Septemba. Ukipata hana kwenye hiyo ya mwisho, na hukujiweka hatarini katikati, hesabu ya Juni imefungwa. Usirudi tena Oktoba, wala Desemba, kwa sababu ya neno la jirani. Nimeona akina mama waliopima mara nyingi baada ya jibu la mwisho, na kila kipimo kiliwaongezea hofu badala ya kuiondoa.

Na kwa kuwa unatobolewa kidole hata hivyo, omba wakupime kaswende na homa ya ini aina ya B. Kondomu iliyoachwa kule kambini ilifungua mlango kwa zaidi ya VVU, na watu husahau hayo mengine. Kaswende nayo ina dirisha lake linaloweza kufika miezi mitatu, kwa hiyo irudiwe Septemba pamoja. Ikionekana, inatibika kwa sindano ya penisilini, na kunyonyesha hakukuzuii kuchomwa. Mumeo naye atibiwe siku hizohizo, asije akakurudishia.